Mbwa mwitu wawili ndani ya zizi: tamaa inakula nini hasa kwenye dini ya mtu?

#1 BintiNgamiani

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Jana baada ya Magharibi shehe wetu alisoma ile hadithi ya mbwa mwitu wawili wenye njaa. Kwamba wakiachiwa kundi la kondoo, uharibifu wao haufikii ule ambao tamaa ya mali na utukufu huufanya katika dini ya mtu. Nimeisikia tangu madrasa, ila jana neno moja lilinikaa: "dini yake". Hakusema inaharibu mali za watu, wala undugu. Amesema dini ya huyo huyo mwenye tamaa.

Limenikaa kwa sababu ya nyumbani kwetu. Baba alifariki miaka sita iliyopita, akaacha nyumba ya Kiswahili hapa Ngamiani, Tanga, vyumba sita na viwili vya uani. Warithi ni mama, kaka zangu wawili na sisi mabinti watatu. Hata arobaini haijafika, kaka mkubwa akaja na fundi na utepe wa kupimia. Nilikuwa uani naosha masufuria ya hitima. Utepe ulipita juu ya banda la kuku la mama, kuku wakatawanyika, fundi akamwomba mama amshikie ncha ya pili. Mama akaishika. Aliishika mpaka wakamaliza kupima, hakutamka neno.

Leo kodi ya vyumba vyote vinane anapokea kaka. Lakini miaka hii sita nimemtazama, na naona kilichomtoka yeye ni kikubwa kuliko alichotunyima sisi. Kwanza aliacha kuswali msikiti wa mtaani, kwa sababu baba mdogo huswali pale safu ya mbele. Kisha akaapa mbele ya wazee kwamba baba alimpa nyumba kwa mdomo. Kisha Idi mbili hakuja kumsalimia mama. Huyu ndiye aliyenifundisha Alhamdu, mimi nina miaka mitano, nimekaa kwenye goti lake.

Swali langu: mtu aliyelelewa kwenye dini, na hana shida (ana duka lake na linakwenda), tamaa inamwingilia wapi? Na inaila dini yake kwa njia gani?

#2 Kobe_wa_Pwani

Waalaykum salaam. Nimetandika mkeka, wajuzi waje.

#3 SimbaMtulivu

Mkuu pole kwa mtihani. Hadithi hiyo ameipokea Abu Huraira, iko katika kitabu cha Bukhari. Kwenye mirathi mama ana moja ya sita, kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili ya mwanamke. Huyo kaka asome An-Nisaa aya ya 10: wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Tamaa mbele, mauti nyuma.

#4 Maalim_Barazani

Ndugu yangu Simba, nikurekebishe kwa mapenzi, maana mambo haya watu huyabeba yalivyo.

Hadithi ya mbwa mwitu ameipokea Kaab bin Malik, na iko katika kitabu cha Tirmidhi, aliyeihukumu kuwa hasan sahih, yaani njema na sahihi. Yatima kisheria ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, kwa hiyo aya ya 10 si ya mabinti hawa watu wazima, ingawa dhulma ni dhulma. Na mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumuni, moja ya nane. Moja ya sita ni ya mama mzazi wa marehemu, kama angekuwa hai.

Sasa itazameni nyumba yenyewe. Ondoa moja ya nane ya mama, zinabaki saba. Wana wawili kwa mafungu mawili mawili ni manne, mabinti watatu ni matatu. Saba kamili. Mafungu manane, vyumba vinane! Mama chumba, kila binti chumba, kila kaka vyumba viwili. Huyu kaka alikuwa na vyumba viwili vya halali mkononi, akavikimbilia vingine sita.

Na huyo Kaab mwenyewe ana kisa. Ni mmoja wa wale watatu waliobaki nyuma wakati wa msafara wa vita wa Tabuk, mwaka wa 9 Hijria. Anasimulia kwa ulimi wake kwamba hakuwahi kuwa na wasaa kama wakati ule: alikuwa na vipando viwili, jambo ambalo halijamtokea kabla, na matunda yameiva, vivuli vimenoga. Kila siku akijiambia nitajiandaa kesho. Hakuiba wala hakumdhulumu mtu. Alivutwa na halali yake. Siku hamsini alikaa watu hawasemi naye. Toba yake ilipokubaliwa alitaka kutoa mali yote sadaka, Mtume (s.a.w.) akamwambia abakishe sehemu, akabakisha fungu lake la Khaybar. Ndiyo maana mimi namjibu mleta uzi hivi: tamaa haianzii kwenye haramu. Inaanza pale halali inapokuwa tamu mno.

#5 SimbaMtulivu

Ahsante Maalim, nimekosea na nimejifunza. Hiyo hesabu ya thumuni naihifadhi.

#6 BintiNgamiani

Simba, shukran, ila mimi si mkuu, ni dada yako. Jina lenyewe linasema.

#7 MchungajiKondoa

Vitabu sina, ila mifugo naijua. Nimechunga Kondoa tangu nikiwa na miaka saba. Kwetu msumbufu ni fisi. Usiku mmoja aliingia zizini, boma la miiba lilikuwa na tundu upande wa mashariki. Asubuhi tulikuta mbuzi kumi na wanne chini. Mzee akanituma nihesabu walioliwa. Niliwageuza mmoja mmoja. Aliyeliwa alikuwa mmoja, na paja la wa pili. Waliobaki waling'atwa tu shingoni au tumboni, nyama yao nzima, hata inzi walikuwa hawajawafikia. Mzee akasema: njaa ilitosheka kwa mmoja, hawa wengine aliwaua kwa kuwa walimkimbilia mbele ya macho.

Kwa hiyo mimi naona hadithi haisemi habari ya kula. Mwenye njaa hula akashiba. Huyu anaua asichokihitaji.

Halafu kwa nini wawili? Fisi mmoja mchungaji mwenye rungu anammudu. Wakija wawili, unamfukuza wa mbele, mwenzake anapita nyuma yako. Mali na utukufu ni hivyo hivyo. Nimeona watu waliojizuia kabisa na mali za watu, cheo kikawapitia mgongoni.

#8 Maalim_Barazani

Mchungaji, Mungu akuhifadhi. Nimesomesha hadithi hii miaka mingi na sikuwahi kuuliza kwa nini wawili.

#9 Mpemba_Muscat

Salaam. Mie niko Muscat mwaka wa kumi na mbili, naendesha lori la maji. Nlikuwa namtumia ndugu yangu fedha anijengee Wete. Kila baada ya miezi miwili anantumia picha: msingi, kuta, linta. Nliporudi likizo nkazikuta kuta zile zile za pichani, ila karatasi za kiwanja zina jina lake.

Nkakaa naye chini ya mkarafuu wa marehemu bibi. Nkamuuliza, kwani nlikunyima nini? Hakunambia kuwa alitaka utajiri. Alinambia: "Wewe una kazi Uarabuni. Mie leo nkifa, wanangu watakaa wapi?" Nkamtazama, mikono inamtetema. Tangu siku ile naamini mzizi wa tamaa ni khofu. Na Qur'an imesema, Al-Baqara 268, Shetani anakutieni khofu ya ufukara na anakuamrisheni machafu. Khofu imetajwa mwanzo, machafu yakafuata.

#10 Mama_Pilipili

Mpemba pole sana, ila kwa kaka wa Ngamiani hofu siioni. Mtu mwenye duka linalokwenda aogope nini?

Mimi nasema ni macho. Nilikuwa na laki nne nimeziweka za mbuzi wa Idi na karo ya mtoto. Kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaani akatokea dada mmoja, kila asubuhi anaweka picha: leo friji, kesho kochi, keshokutwa pikipiki imefungwa utepe mwekundu. Anasema ametoa kidogo mahali fulani kimerudi mara tatu. Sikuwa na haja ya pikipiki, wallahi, sijui hata kuipanda. Lakini usiku nilikuwa naifungua ile picha, naikuza kwa vidole naiangalia taa yake. Siku ya tisa nikatuma laki nne zote. Kundi likafungwa siku ya kumi na tatu.

Twaha aya ya 131 Mtume anaambiwa asivikodolee macho vile walivyostareheshwa baadhi ya watu. Kukodoa macho ndilo neno lenyewe! Na katika hadithi iliyo kwenye kitabu cha Muslim tumeambiwa tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusizidharau neema za Allah. Zamani aliye juu yako ulimwona mara moja kwa wiki akipita na gari. Sasa unalala naye chini ya mto.

#11 Fundi_Kariakoo

Nawaheshimu nyote lakini kuna jambo linanikera kwenye mawaidha ya tamaa, kwamba daima huishia kwa maskini. Nashona nguo miaka kumi na tisa. Mwenye fremu akipandisha kodi mara mbili kwa mwaka hakuna anayemwita mwenye tamaa, anaitwa mwenye mali. Mimi nikiomba bei ya suruali iongezeke elfu mbili, naambiwa fundi ridhika, kinaa ni utajiri.

Haja si tamaa. Mtume (s.a.w.) alimwambia Qabisa kuwa kuomba kumehalalishwa kwa watu wa namna tatu: aliyebeba deni la kupatanisha watu, aliyepatwa na janga likafagia mali yake, na aliyefikwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakashuhudia. Hadithi hiyo iko Muslim. Watatu wale hawakuitwa wenye tamaa. Tuwe na adabu tunapoligawa hili neno.

#12 Mama_Pilipili

Fundi, hapo umesema kweli. Ila mimi sikuwa katika wale watatu.

#13 Abu_Ilyasa

Mmesahau kisa cha Thaalaba. Sahaba maskini, akiitwa njiwa wa msikiti kwa jinsi alivyokuwa haondoki, akamwomba Mtume amwombee mali. Akaombewa, kondoo wakazaana mpaka Madina ikamwia ndogo, akaacha jamaa, akaacha Ijumaa, mwisho akanyima zaka. Ikashuka At-Tawba 75. Kaka wa Ngamiani ni yeye mtupu: ameanza kwa kuacha msikiti.

#14 Maalim_Barazani

Abu Ilyasa, kisa hicho kinapendwa sana mimbarini na nami nilikisimulia ujanani. Nikaja kukatazwa na mwalimu wangu. Isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, ni dhaifu sana, ndani yake yumo Ali bin Yazid al-Alhani. Mwanazuoni Ibn Hazm amekikataa, na mwenzake Ibn Hajar amekidhoofisha. Thaalaba bin Hatib anahesabiwa katika waliopigana vita vya Badr, na watu wa Badr unajua daraja lao. Aya ni ya haki, inawasema wanafiki waliomwahidi Allah kuwa akiwapa watatoa sadaka, akawapa wakafanya ubakhili. Lakini jina la yule mtu tuliondoe vinywani. Kumsingizia sahaba tamaa ili tuwakataze watu tamaa, hapana.

Ukitaka kisa sahihi cha sahaba na mali chukua cha Hakim bin Hizam, kiko Bukhari na Muslim. Aliomba akapewa, akaomba akapewa, akaomba tena akapewa, kisha akaambiwa: ewe Hakim, mali hii ni ya kijani na tamu. Anayeichukua kwa ukarimu wa nafsi hubarikiwa, na anayeichukua kwa nafsi yenye kuikodolea habarikiwi, huwa kama alaye asishibe. Hakim akaapa hatamwomba mtu tena. Abu Bakr akamwita ampe fungu lake, akakataa. Umar akamwita, akakataa. Lilikuwa haki yake na bado alikataa.

#15 Abu_Ilyasa

Nimekufahamu Maalim. Astaghfirullah. Nimekisimulia kwa wanafunzi wangu wiki jana tu, nitawarudia.

#16 MwanaLugha

Naomba niingie kwa mlango mwingine. Kila mtu hapa anaiita tamaa mbaya, ila Kiswahili chenyewe kinatukataza jambo gani? Kukata tamaa. Mgonjwa tunamwambia usikate tamaa. Neno ni lile lile la Kiarabu, na katika As-Sajda aya ya 16, wale ambao mbavu zao zinaachana na vitanda, wanamwomba Mola wao "khawfan wa tama'an". Kwa khofu na tamaa. Wamesifiwa kwa tamaa!

Kwa hiyo mimi naona si sahihi kusema tamaa iondolewe. Swali ni inaelekezwa kwa nani. Mtu aliyekata tamaa kwa Allah ndiye anayeitia tamaa yake yote kwenye vyumba vinane.

Tukitaka maneno ya ule ubaya, tunayo ya kutosha. Pupa ni haraka ya kutaka yote. Uroho na ulafi ni vya tumbo. Uchu ni wa kitu ulichokiona. Choyo ni kuzuia ulicho nacho. Husuda ni kuchukia alicho nacho mwenzio. Haya hayafanani na tiba zake hazifanani.

#17 Kobe_wa_Pwani

MwanaLugha na madaftari yako! Uzi wa tamaa umegeuka darasa la ngeli. Endelea, tunakula.

#18 Ukhti_Mwalimu

Namuunga mkono MwanaLugha kwa sababu maswahaba nao walitenganisha. Mtu mmoja alimwendea Ibn Masud akiogopa ameangamia. Alisikia aya ya Al-Hashr 9, kwamba wanaoepushwa na uchoyo wa nafsi zao ndio wenye kufaulu, naye ni mtu ambaye kitu hakimtoki mkononi. Ibn Masud akamwambia: hiyo si shuhha aliyoitaja Allah. Shuhha ni kula mali ya ndugu yako kwa dhulma. Hilo lako ni ubakhili, na ubakhili ni kitu kibaya.

Tazameni alivyosema: mali ya ndugu yako. Na katika Muslim, kutoka kwa Jabir: jiepusheni na shuhha, kwani iliwaangamiza waliokuwa kabla yenu, iliwafanya wakamwaga damu zao na wakahalalisha waliyoharamishiwa.

Imepokewa pia kuwa mtu mmoja alionekana kwenye tawafu hana dua nyingine ila "Allahumma qini shuhha nafsi", ewe Mola nikinge na uchoyo wa nafsi yangu. Alipoulizwa akajibu kuwa akikingwa na hilo hataiba, hatazini, hatafanya lolote katika hayo. Walipomtazama ni Abdurrahman bin Awf. Tajiri mkubwa katika maswahaba, na dua yake ndiyo hiyo tu.

#19 Muuza_Spea

Ukhti umenifikisha nilipotaka. Abdurrahman huyo huyo alipofika Madina hana kitu, Saad bin Rabii alitaka kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akasema nionyesheni soko. Akaanza na jibini na samli. Huyo ana tamaa au hana? Sisi vijana tukifungua duka la pili tunasemwa. Na Mtume amesema "ihris ala ma yanfauka", fanya pupa kwa lile linalokunufaisha, na umtake msaada Allah. Iko Muslim. Hirsi, yaani pupa, ile ile inayolaumiwa kwenye hadithi ya mbwa mwitu, huku imeamrishwa.

#20 Maalim_Barazani

Umeiona vyema. Mwanazuoni Ibn Rajab ameandika risala nzima juu ya hadithi ya mbwa mwitu, na ameigawa hirsi ya mali mafungu mawili. La kwanza ni mtu anayetafuta halali tupu, ila anaikimbilia mpaka umri wake wote unaishia humo. La pili anaongeza kuitafuta kwa haramu na kuzuia haki za watu. Hasara ya wa kwanza ni umri, na umri haurudi. Wewe na duka lako la pili jiangalie kwenye lile la kwanza, la pili najua halikuhusu.

#21 Muuza_Spea

Maalim mbona umenigonga mimi na nilikuja kujitetea? Lakini nimesikia. Alasiri naifunga dukani mara nyingi kuliko inavyofaa.

#22 Babu_Bagamoyo

Wanangu, nina miaka sabini na moja. Nilidhani tamaa ni ya ujana. Mtume (s.a.w.) amesema mwanadamu huzeeka na mambo mawili yanabaki kijana kwake: kupenda mali na kupenda umri mrefu. Nilipokuwa kijana niliisoma nikaipita.

Nina shamba la minazi, si kubwa. Mpaka wangu na jirani ni ua wa minyaa. Minyaa ukiikata tawi ukalichomeka ardhini linaota, halina maudhi. Mwaka jana masika jirani alikuwa hospitali na mkewe. Nilikuwa napogoa ua, nikachomeka matawi upande wake, hatua moja. Siku nyingine tena, nusu hatua. Mnazi wake mmoja ukaja upande wangu. Mnazi wenyewe mzee, unatoa nazi nne tano. Mimi hata hizo zangu huwa zinadondoka watoto wanaokota.

Usiku wa Ramadhani imamu akasoma hadithi ya Said bin Zayd, anayechukua shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni ardhi saba. Sikulala. Alfajiri nilichukua panga nikaing'oa ile minyaa, utomvu ukaniingia jichoni, nikairudisha ilipokuwa. Kisha nikaenda kumwambia jirani. Hakuwa amejua.

Mnauliza inaingilia wapi. Mimi sikuogopa njaa, sikumwona mtu kwenye simu, wala sikuhitaji mnazi. Nilikuwa peke yangu na panga na hakuna aliyeniangalia. Hayo ndiyo niliyo nayo.

#23 Mama_Pilipili

Babu, nimesoma mara mbili. Allah akukubalie.

#24 Mpemba_Muscat

Babu, kukubali kwako kumenliza. Ila bado nasema khofu. Uzeeni mtu huogopa kuisha.

#25 Babu_Bagamoyo

Inawezekana mwanangu. Mimi sikuihisi kama hofu. Niliihisi kama raha.

#26 Katibu_Mstaafu

Mnaongea mali tu, nusu ya hadithi mmeiacha. Mchungaji wa #7 ndiye aliyeigusa. Nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti miaka minane, msikiti siutaji. Fedha haikuibwa hata senti, vitabu viko safi. Kilichotuua ni nani akae kiti cha mbele mgeni akija, na jina la nani litangulie kwenye kibao cha marumaru cha ufunguzi. Kibao kile kilichongwa mara tatu. Waumini wakagawanyika, wengine wakaenda kuswali kwingine mpaka leo.

Bukhari amepokea: "Hakika nyinyi mtaupupia uongozi, na utakuwa majuto Siku ya Kiyama." Neno ni lile lile la hirsi. Na Abdurrahman bin Samura aliambiwa asiuombe uongozi, kwani akipewa kwa kuuomba ataachiwa nao, na akipewa bila kuuomba atasaidiwa. Ibn Rajab kama alivyomtaja Maalim anasema tamaa ya utukufu ni mbaya kuliko ya mali, na mbaya zaidi ni ile inayotafutwa kwa elimu na ibada. Mtu mwenye tamaa ya mali angalau anajua anachokitaka. Sisi kwenye kamati kila mmoja aliamini anaitetea nyumba ya Allah.

#27 SimbaMtulivu

Katibu umesema zito. Na vita vya Uhud je? Wapiga mishale hamsini chini ya Abdullah bin Jubayr, mwaka wa 3 Hijria, waliambiwa wasiondoke mlimani. Wakaona ngawira, wengi wakashuka. Waislamu sabini wakauawa siku ile. Safari hii nimehakiki kabla ya kuandika.

#28 Ukhti_Mwalimu

Umehakiki vyema. Ongeza jambo moja: aya ya 152 ya Aal Imran inayosema "wapo miongoni mwenu wanaotaka dunia" inamalizia kwa kuwasamehe. Na wao walidhani vita vimekwisha. Tusiwaweke kundi moja na mtu aliyeapa uongo.

#29 MwanaLugha

Kuhusu kaka wa Ngamiani, wahenga walimaliza: usiache mbachao kwa msala upitao. Alikuwa na mbacha wake wa vyumba viwili.

#30 Fundi_Kariakoo

Naongeza la fundi. Vyumba vinane kwa mafungu manane ni hesabu nzuri, ila chumba cha mbele kinachotazama barabarani kodi yake si ya chumba cha uani karibu na choo. Mkigawa vyumba mtagombana upya. Bora kithaminiwe kila kimoja, au kodi yote iwekwe pamoja igawanywe mafungu manane kila mwezi.

#31 BintiNgamiani

Nimesoma yote, nyingine usiku wa manane. Ahsanteni.

Fundi, chumba cha mbele ndicho hasa chanzo. Baba alikuwa akikodisha pale kwa kinyozi. Kaka alianza kwa kusema atapokea kodi ya kinyozi peke yake, alipie madeni ya msiba. Madeni yalikuwa ya kweli, yakaisha kwa miezi minne. Mwezi wa tano akapokea tena. Hakuna aliyesema. Babu wa Bagamoyo amesema hakuna aliyemwangalia, mimi nikajiuliza, sisi watano tulikuwa tunaangalia na tulinyamaza. Sijui kama kunyamaza kwetu kulimfungulia mlango.

Kuna aliyeniuliza pembeni mama anasemaje. Mama hasemi. Kila Ijumaa anapika wali wa nazi, anatoa sahani ya kaka kwanza kabla ya zetu, ananipa nimpelekee dukani. Kaka hupokea bila kuniangalia. Ijumaa iliyopita sahani ilirudi imeoshwa, ndani yake kuna mayai sita yamefungwa gazeti. Mama ameyaatamisha.

#32 Mchumi_Kinda

Samahani nimechelewa kwenye uzi. Ikiwa atakubali kugawa, na kodi ya miaka sita iliyopita inahesabiwaje?

#33 Maalim_Barazani

Kodi ya nyumba ya mirathi ni ya warithi wote tangu siku aliyofariki mzee, kwa mafungu yale yale manane. Atoe hesabu ya alichopokea, ayaondoe madeni ya msiba na matengenezo ya kweli, kinachobaki kila mtu apewe fungu lake. Warithi wakimsamehe baadhi ni hiari yao, wala asilazimishwe yeyote, hasa mama. Dada, mkifika kwa kadhi nendeni na daftari la kinyozi, huwa wanaandika.

#34 BintiNgamiani

Kinyozi bado yupo. Kesho nampitia.